Ndoo za Mama Kimberly

Jina lake liligeuka jekundu mbele ya macho yangu. Nikaondoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imeniunguza.

Siku hizi niko Nakuru, nafanya kazi nyingine, lakini uchovu wa mwaka ule haujanitoka. Chepkurui, ambaye sote tulimwita Mama Kimberly, alikuwa jirani yangu kule Karagita, ukuta kwa ukuta. Alikata waridi kwenye shamba la maua, ndoo kumi na nne kwa siku, hazizidi, hazipungui. Mimi nilikaa ofisini nikiingiza ndoo za kila mkataji kwenye Excel. Kazi ya kuchosha, ila haikuwa na dhambi, mpaka meneja wetu, Nimesh, alipoleta agizo la wakubwa: kila mwezi, atakayekuwa na alama iitwayo z ya hasi mbili kwenda chini, jina lake ligeuke jekundu, na asipewe mkataba tena.

Hiyo z haitazami ndoo peke yake. Unachukua ndoo za mtu, unatoa wastani wa wote, kisha unagawa kwa mtawanyiko, yaani kadiri wakataji wanavyoachana. Excel itakupa pia eneo la kushoto, sehemu ya watu unaotarajia kuwakuta nyuma yake. Mwanzoni wastani ulikuwa kumi na sita na mtawanyiko mbili. Mama Kimberly alipata hasi moja. Katika watu mia, kama kumi na sita walikuwa nyuma yake. Sikuwa na wasiwasi.

Walipofutwa wa kwanza, wanawake wakafanya wanachokijua: wakachangiana. Mwenye mkono mwepesi alimpa mjamzito ndoo moja, mgonjwa akapewa mbili. Wote wakasogeleana, wepesi wakaacha kukimbizana, wastani ukashuka hadi kumi na tano na nusu, na mtawanyiko ukanywea hadi nusu ndoo. Ni Mama Kimberly tu aliyekataa mchango.

"Chukua moja tu, Mama Kim," nilimsihi akianika nguo.

"Jasho ya mtu siwezi kula, Sitati. Si kumi na nne ni zangu? Nimepunguza?"

"Hujapunguza."

"Basi."

Mwisho wa mwezi, ndoo zake zile zile zikampa hasi tatu. Nyuma yake, Excel ilisema, yuko karibu mmoja katika elfu. Nilikwenda kwa Nimesh.

"Boss, amekosa ndoo moja na nusu tu."

Alisugua macho. Yeye pia alikuwa amechoka. "Formula inasema aje?"

"Hasi tatu."

"Sasa mimi nitaambia hao wa juu nini?"

Niliona haya kumwachia mtu mwingine habari hiyo, nikaipeleka mwenyewe mlangoni kwa Mama Kimberly. Hakulia. Alitaka kuelewa.

"Kwa hivyo wengine wakifanana, mwenye ako nyuma kidogo ndio anaenda?"

"Ndiyo."

"Na wote wakifanana kabisa?"

"Mtawanyiko unakuwa sifuri. Huwezi kugawa kwa sifuri. Hata kompyuta inakataa."

"Inakataa," alirudia polepole. Kesho yake alikwenda kurudisha gambuti na aproni za shamba, akakawia sana kuwaaga wenzake.

Mwezi uliofuata niliingiza ndoo kama kawaida. Safu ya z ikajaa #DIV/0! kutoka juu hadi chini, kompyuta ikikataa kugawa kwa sifuri, na hakuna jina hata moja lililogeuka jekundu. Nimesh aliinama nyuma ya bega langu.

"Nini hii?"

"Wamefanana, boss."

"Rudia."

Nikarudia. Ikaja vile vile. Akaingia ofisini mwake, akafunga mlango.

Jioni nilipitia kwa Mama Kimberly, ambaye sasa aliuza sukuma wiki kando ya barabara. Nikamweleza.

"Wote?"

"Wote."

"Walikata ndoo ngapi?"

"Kumi na nne."

Alinipa mgongo, akachukua kisu, akaanza kukatakata sukuma, fungu baada ya fungu, na hakukuwa na mteja.