Mama Alivyojua Kihispania

Msinisifie mama yangu. Mkitaka kumsifu nendeni sokoni Ekerenyo, huko wasikojua alichonitenda. Mimi Bosibori nakijua.

Mwaka wa sitini na tisa nilikuwa nikifagia na kupika katika misheni ya Wakatoliki. Sista Remedios, muuguzi kutoka Hispania, alikuwa amefika juzijuzi, Kigusii hajui, na Kiswahili chake hakikutosha hata kuombea maji. Tukapatana: mimi nimfundishe kusema na wagonjwa, yeye anifundishe lugha ya kwao. Watu walinicheka. Eti Kihispania! Utakizungumza na nani, na kuku?

Lakini siku aliyonifundisha kusema jambo unalotaka mwenzako afanye, nilicheka mimi. Kusoma kwao ni estudiar. Anasoma, estudia. Ukitaka mtu asome, mkia unageuka: quiero que estudie, nataka asome.

"Sista, hii mbona ni yetu!" nikamwambia. "Anasoma, asome. Anapika, apike."

Alinipigia makofi. Vitenzi vya namna hiyo, akasema, ukitaka kutamani jambo, ile a ya mwisho igeuze iwe e, basi. Trabaje, afanye kazi. Viaje, asafiri.

Nilirudi nayo nyumbani. Jioni tukichuma maua ya pareto shambani, mimi mstari huu na mama mstari ule, nilikuwa naimba: estudie, trabaje, viaje. Mama yangu Kwamboka alikuwa mjane, hajawahi kukanyaga darasani, ila alirudia kila neno, tukacheka mpaka maua yakamwagika kutoka kikapuni. "Endelea, mwanangu," alikuwa akisema. "Wewe utafika mbali." Nilimwamini. Mungu wangu, nilivyomwamini!

Kisha Sista akanipatia nafasi ya kusomea uuguzi kwao Hispania. Alitaka kitu kimoja tu: amsikie mama yangu akikubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa, mama hakuwa na mtoto wa kiume, na Nyangau, mwana wa mke mwenzake, alishaanza kulima mpaka mlangoni petu. Kwetu mama wa namna hiyo ana njia. Huchukua ng'ombe wa mahari ya binti yake, akaoa nao mwanamke, na mwanamke huyo humzalia wajukuu wa kiume watakaoshika shamba. Mimi si mtoto mdogo, nililiona hilo. Nikamwuliza waziwazi. Akashika mikono yangu yote miwili, akasema, "Nyangau na achukue shamba lote. Wewe nenda." Akala kiapo kwa jina la marehemu baba.

Basi tukaenda kwa Sista, mama kavaa gauni la misa. Mkalimani ni mimi, nani mwingine? Sista akauliza anataka nini kwa binti yake. Nikaligeuza swali kwa Kigusii. Mama akajibu akitazama ukuta:

"Ng'ombe wa mahari kutoka kwa Machogu wa Kenyenya wamefika tangu wiki jana, wako kwa mjomba wako. Nataka aolewe."

Wee! Nilisikia masikio yakiwaka. Sista alikuwa ananisubiri, anatabasamu, hajui kitu. Mama hajui Kihispania, nikajiambia. Nikasema:

"Mi madre quiere que yo estudie." Mama anataka nisome.

Sista alianza kuinuka aje anikumbatie. Mama akamtangulia kusimama.

"No," akasema. "Que se case."

Aolewe. Wazi kabisa, bila kukwama, na mkia kaugeuza sawasawa.

Sista akanigeukia. "Nani kamfundisha?"

"Mimi," nikasema.

Ni mimi kweli. Wiki ile ile, kwenye pareto, mama aliniuliza, "Na aolewe, wenzetu husemaje?" Nikadhani ananitania, nikamwambia, tena nikamrekebisha mpaka akatamka vizuri. Ng'ombe walikuwa wameshafika! Alinijua. Alijua nitadanganya, akajifunza neno la kunizibia mdomo, akalichukua kinywani mwangu mwenyewe huku tukicheka. Husemwa kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sikutegemea nguo yenyewe iwe mama.

Sista alimwomba mama, akalia, akashindwa. Bila neno la mzazi hakuweza kunichukua. Nikaolewa Kenyenya. Machogu si mtu mbaya, sina la kumsingizia. Ng'ombe wake wakamleta Bochaberi aolewe nyumbani kwa mama, Bochaberi akazaa msichana, halafu wavulana wawili, na Nyangau akarudisha jembe lake kwake. Mama alishinda. Watu wakasema, ona mwanamke mwenye akili.

Hakuwahi kuja kwangu mpaka mwaka wa sabini na nane. Nilimkuta uani na mkungu wa ndizi kichwani, amemshika mkono yule msichana wa Bochaberi.

"Huyu ana kichwa chepesi," akasema, bila hata kuniamkia vizuri. "Shuleni anawapita wote. Nataka asome. Nimemleta akae kwako, umfundishe na ile lugha yako."

Nilimtazama mtoto. Ng'ombe wangu ndio waliomleta duniani, na sasa yeye asome!

"Na mimi, mama? Mimi sikuwa na kichwa?"

Shingo yake ilikuwa ikitetemeka kwa uzito wa ndizi.

"Ulikuwa nacho kumshinda huyu," akasema. "Lakini sikuwa na mwingine wa kutoa."

Nilimchukua mtoto, nikamwingiza ndani, nikamwekea uji. Mama alibaki pale pale uani na mkungu wake. Sikumtua, wala sikumwambia karibu.