Kilo za Mama

Mama hakuanguka. Hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote, maana mtu akianguka kunakuwa na cha kulaumu: sakafu yenye maji, ndala iliyokatika, mkeka uliojikunja. Mama aliinama tu kunyanyua ndoo ya kudekia, nayo haikujaa, akaguna kidogo kama aliyekanyaga mwiba, akabaki ameng'ang'ania meza ya kukatia vitambaa, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Mgongo umenishika," alisema. "Nipe dakika."

Dakika ile ikala siku nzima. Kulipokucha mama hawezi hata kukaa, Fundi akaiacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye cherehani, akaita teksi.

Walikuwa wakiishi wawili, mama na binti yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Nyuma ya pazia mama alikaa akikaza vifungo na kusikiliza redio. Alikuwa mwanamke aliyejaa, mwenye mikono laini na kicheko cha kutikisa kiti. Mwaka uliopita muuguzi wa zahanati alimwambia sukari imeanza kupanda, basi apunguze uzito kidogo kidogo, atembee jioni, asiache maharage, mayai na maziwa. Katika maneno yote hayo, Fundi alirudi nyumbani na moja tu: apunguze.

Akamshika mama kama mkaguzi wa magendo. Uji ukawa wa maji matupu, sahani ikawa nusu, chakula cha jioni kikafutwa. Kaka yake Fundi, dereva wa malori, alipopita kuwasalimu alisema, "Unamwanika mama utadhani nguo." Fundi akamjibu kwamba yeye mwenye kitambi asimfundishe mtu afya. Na mama alikuwa akipungua kweli. Kila baada ya wiki kadhaa Fundi alimsimamisha mbele ya kioo, pini zimejaa mdomoni, akalibana gauni ubavuni. Wateja wakisifia, "Mama amekuwa kama msichana," Fundi alijisikia kama aliyeshona hata huo mwili.

Hospitalini, daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole. Aliinua picha ya eksirei mbele ya mwanga, akaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo iliyobonyea upande mmoja.

"Lakini hakuanguka," Fundi alisema.

"Haikuhitaji kuanguka. Mfupa umekuwa mwepesi, umejaa vitundu." Akaiweka picha mezani. "Amekonda lini?"

"Mwaka huu. Ni kwa ajili ya sukari."

Daktari alimtazama mama kwanza, kisha binti. "Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya kike inayolinda mifupa inashuka sana. Hiyo kidogo inayobaki, sehemu kubwa inatengenezwa kwenye mafuta ya mwili. Watu wanadhani mafuta ni mzigo tu, kumbe ni kama kiwanda. Yanatuma homoni zake, mifupa inazipokea. Mifupa nayo inatuma zake, na moja inasaidia mwili kutumia sukari. Hawa wanazungumza kila siku."

"Kwa hiyo ningemwacha na unene wake?"

"Sijasema hivyo. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, yanatuma habari mbaya vilevile. Mengine yanaingia mpaka kwenye uboho na kuchukua nafasi ya wajenzi wa mfupa. Ninachosema ni kwamba mtu wa umri huu hakondeshwi kwa pupa. Akikosa chakula cha kujenga mwili na mazoezi, mafuta, misuli na mfupa vinaondoka pamoja. Mifupa yake huenda ilishaanza kuchoka zamani. Huku kukonda kumeisukuma tu." Akachukua kalamu. "Nani alimpangia chakula?"

Fundi alifungua mdomo. Mama akamwahi.

"Mimi mwenyewe," mama alisema pale kitandani. "Nilitaka kupendeza."

Njia nzima Fundi aliufikiria uongo ule. Jioni alimletea mama uji mzito wa maziwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akiukoroga bila sababu.

"Mama, haikuwa sukari peke yake."

"Najua."

"Hujui. Kuna mteja alikuja, yule wa magauni ya harusi. Akaliona gauni lako mezani, akauliza, hili ni la mtu au ni pazia la ukumbi? Mimi…"

"Ulicheka," mama alisema. "Nilikuwa huko nyuma na vifungo vyangu. Hukucheka sana. Lakini ulicheka, halafu ukamwambia ni la mteja."

Kijiko kilisimama ndani ya bakuli. Fundi alikumbuka nusu sahani zote zile, na mama asivyolalamika hata mara moja. Alikuwa amejivunia utii ule.

"Kwa nini hukusema chochote?"

"Ningesema nini, mwanangu? Niliona nikipungua kidogo utaacha kunifanya mteja." Mama akaupokea uji. "Na usilie juu ya bakuli. Uji una chumvi ya kutosha."

Alisema kwa mzaha, lakini hakusema amesamehe, na Fundi hakuwa na uso wa kuuliza.

Dawa za mifupa zilianza. Maumivu yalipotulia, wakaanza kutembea jioni, mama akishika mkono wa binti yake, na mtaalamu wa viungo akamfundisha kusimama na kukaa bila kujishikilia. Sukari ilitulia. Pingili, daktari aliwaambia waziwazi, haitarudi kama ilivyokuwa. Mama alikuwa amefupika kidogo, na bega moja lilimtangulia.

Siku moja baada ya matembezi waliketi jikoni, mezani kuna mayai na mkate. Mama alikula kipande cha kwanza kwa hamu, akazungumzia mbwa wa jirani anayebwekea mpaka kivuli chake. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili. Mkono ukasimama njiani, juu ya sahani, na macho yake yakapanda kuutazama kwanza uso wa binti yake.

"Kula, mama," Fundi alisema, kwa sauti ndogo. "Tafadhali."

Mama akakichukua.