Mkwe wa Mtoni

Kabla mimi sijaolewa, Mama alishapata mkwe. Alikuwa kambale.

Tangu tukimbie vita Djugu na kuja Bunia, Mama huloweka mihogo yake katika mto Shari, ndani ya gunia lililofungwa kwenye jiwe. Kambale mmoja, mwenye sharubu upande mmoja tu, akawa anakuja kuokota makombo. Mama akimtazama, hali. Akimpa mgongo, anakula. Kwetu mwanamume hali machoni pa mama mkwe wake, basi jina likajileta lenyewe: Mukwe. Mama, ambaye hata majirani hakuwasemesha, alikuwa akimgeuzia samaki mgongo na kumsimulia habari za mashamba tuliyoyaacha. Nilimtania sana. Lakini nilimpenda huyo samaki, maana Mama alirudi nyumbani akicheka.

Kisha nikaolewa na Rodrigue wa Mongbwalu, na siku ikafika ya yeye kula kwa Mama mara ya kwanza. Siku hiyo mkwe hapewi majani matupu, na sisi tulikuwa na sombe tu, majani ya muhogo. Jirani yetu Aaron akatuonea huruma, akaenda mtoni na ndoana bila kutuambia. Alirudi na beseni, na ndani yake kambale mzima, sharubu upande mmoja.

"Iko mupole sana," Aaron akasema kwa furaha. "Nilitia muhogo ku ndoana, akakuya mbio."

Alipoondoka, Mama alikaa kando ya beseni na kisu mkononi. Hakukata.

"Mama, Rodrigue iko ndani na njaa," nikamwambia. "Huyu ni samaki tu."

"Ni miye nilimuzoeza muhogo, Ketsia. Anakufa juu ya kuniamini."

Nilikasirika. Mume wangu akila sombe tupu siku hiyo, maneno yangetangulia kufika Mongbwalu kabla yake. Mama akaninyooshea kisu, machozi yakimtoka.

"Basi kata weye."

Nilikipokea. Samaki akapanda juu kuvuta hewa, akatulia chini ya mkono wangu, na mkono ukakataa.

Hapo Rodrigue akatokea mlangoni. Habari za yule kambale nilishamsimulia zamani, tukicheka. Aligeuza uso ukutani kwa heshima.

"Ketsia, ambia mama: sombe inanitosha. Mukwe hawezi kukula mukwe mwenzake."

Akabeba beseni mwenyewe, tukashuka wote mpaka mtoni. Alipomwachia samaki, Mama alitupa kipande cha muhogo, na sote watatu tukayapa maji mgongo, Rodrigue naye amesimama wima kama yuko kanisani. Tulipogeuka, muhogo haukuwepo.

Jioni Rodrigue alikula sombe yake mpaka akafuta sahani. Mama alikaa mlangoni, amempa mgongo, na polepole akaanza kumsimulia habari za mashamba yetu ya Djugu.