Tepu ya Kupimia Ng'ombe

Tangu asubuhi Natukunda alikuwa hakai. Alikuwa ameosha vyombo vilivyokwisha oshwa, amefagia uwanja akaufagia tena, amekwenda hadi kwenye zizi na kusahau alichofuata. Mumewe Leonadi alikuwa malishoni na ng'ombe. Nyumbani alibaki yeye na kifurushi cheusi kilicholetwa na bodaboda jana jioni, ambacho alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Sidiria iliyokuwemo ingebeba vibuyu viwili vya maziwa na nafasi ikabaki.

Tusimcheke kwanza. Mwaka uliopita mama huyu aligundulika na uvimbe. Hospitali ya Nyakahanga wakamwandikia aende Mwanza, na Mwanza wakaliondoa titi la kushoto, wakamwambia amepona ila arudi mara kwa mara waangalie. Akarejea kwake, huku Kyerwa, kwenye nyanda za malisho mbele ya Kamuli. Majirani wakamletea mikungu ya ndizi, kuku na maombi, naye akapokea vyote kwa mikono miwili. Ila tangu siku hiyo hakuna jicho lililoona kifua chake isipokuwa la manesi. Hata la Leonadi halikuona. Alihamia chumba cha binti yao Liliane, anayefanya kazi Bukoba, akasema ni kwa ajili ya kidonda. Kidonda kikafunga, yeye akabaki humo humo, na mlango akautia komeo.

Upande uliobaki mtupu alikuwa akiujaza soksi. Soksi ni soksi, haina adabu. Jumapili moja, wakati wa kutoa sadaka, kwaya ilipokolea na mikono ikapanda juu, soksi nayo ikapanda, ikafika karibu na bega. Therese wa kwaya aliona, akamvutia khanga taratibu na kumfunika. Natukunda alitamani Therese angecheka. Ukichekwa unaweza kukasirika, lakini ukihurumiwa utafanya nini?

Na sasa Jumamosi ilikuwa sendofu ya Liliane, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Kila mtu anajua mama wa binti anavyofanywa siku hiyo. Huinuliwa kitini, hupigiwa vigelegele, huchezeshwa mbele ya kamera, kisha humshika mwanawe mkono na kumkabidhi kwa wakwe, macho ya ukumbi mzima yakiwa kifuani pake. Gauni la kitenge lilikuwa tayari, na kila alipolivaa lililegea kushoto. Natukunda hakuomba makubwa. Alitaka Jumamosi asimame wima, asimwaibishe mwanawe.

Ndipo alipompigia Nadhira, mwenye duka la nguo za kike Kayanga. Nadhira ni mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka Pangani zamani, na sauti yake bado ina pwani ndani yake. Shangazi yake alipata ugonjwa huo huo, kwa hiyo hakuuliza maswali ya kijinga. Alisema atachukua sidiria nzuri, ataishonea mfuko kwa ndani, na mfukoni atatia ziwa la bandia lenye uzito wake, lisilopanda wala kushuka. Akamwomba afike dukani apimwe. Natukunda akakataa. Kuvua nguo nyuma ya pazia, sokoni, wanakwaya wakipita nje? Basi apime mwenyewe nyumbani, Nadhira akasema. Avue nguo, apitishe tepu chini ya matiti, aikaze kidogo, ilale sawa mbele na nyuma, amtajie namba. Kipimo cha juu ya titi angekikadiria mwenyewe.

Tepu ilikuwapo. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na chupa za dawa za mifugo. Natukunda aliichukua, akajizungushia, akasoma kwa macho yake ambayo siku hizi yanaona vya mbali tu. Arobaini na sita. Nadhira alidhani ni inchi, akashangaa kidogo simuni, lakini alimkumbuka mama huyu alivyojifunga khanga tatu tatu hata wakati wa jua, akaona labda. Akashona, akatuma.

Sasa kitu chenyewe ndicho hiki, kinamning'inia kama gunia. Natukunda alishona hesabu yake mwenyewe kichwani, na hesabu ya mtu mwenye hofu haina mwalimu wa kuisahihisha. Alijipima juzi, akapata arobaini na sita. Nguo ya arobaini na sita leo inampwaya. Basi ni yeye aliyenyauka. Ugonjwa umerudi, unamla kutoka ndani, na Jumamosi atamkabidhi binti yake kwa wakwe huku yeye mwenyewe yuko njiani.

Hakukaa chini siku hiyo kwa sababu hiyo. Alipokaa, wazo lilikaa naye.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, linalowasha kama upupu. Leonadi alikuwa amebadilika. Mtu aliyeoga kwa sabuni ya mche maisha yake yote, sasa ananunua sabuni ya kunukia Kayanga, kila jioni anajisugua mpaka shingo inang'aa. Mwanamume wa umri ule akianza kunukia, mke ana haki ya kuuliza anamnukia nani. Natukunda hakuuliza. Angeuliza kwa mdomo gani, na komeo ni lake? Alijiambia kuwa yote ni afadhali kuliko Leonadi kuuona ule ubapa wenye mshono, akageuza uso. Alimpenda mtu huyo. Hilo ndilo lililomfungia mlango.

Jua lilipopita utosi alishindwa kuvumilia. Aliichukua tepu tena, akajifungia chumbani, akavua, akapima. Arobaini na sita ile ile. Akapiga simu Kayanga. Nadhira alimsikiliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba bila shaka tepu inapanda mgongoni bila yeye kujua, hakuna mtu aliyeota macho kisogoni. Atafute mwenzake amshikie. Na safari hii wachukue kipimo cha juu pia. Kwa kuwa titi ni moja, wapime nusu tu, kutoka mfupa wa katikati ya kifua, kupita juu ya titi la kulia, mpaka uti wa mgongo, kisha waizidishe mara mbili. Upande wa pili waache. Akikipata leo, kesho atashona.

Mwenzake nani? Liliane angefika Ijumaa, na Ijumaa ni kuchelewa. Therese angekuja mbio, na uso wake wa huruma. Natukunda alizunguka chumba kile kidogo, tepu shingoni, kutoka dirishani hadi kitandani na kurudi, mpaka aliposikia viatu vya mpira uani. Leonadi alikuwa amerudi mapema. Alisikika stoo, akipekua, akiguna. Kisha mlango wa chumba ukagongwa.

Alikuwa akiulizia tepu. Alitaka kuwanywesha ndama dawa ya minyoo, na bila tepu hajui wa kupewa nyingi ni yupi na wa kupewa kidogo ni yupi. Natukunda alishika komeo, asilivute. Angeweza kuipitisha tepu kwenye upenyo, akaitikia, yakaisha. Badala yake akauliza, mdomo ukiwa karibu na mbao:

"Baba Liliane, arobaini na sita ni nini?"

"Ng'ombe gani?"

"Si ng'ombe."

Leonadi ni mtu wa kulicheua neno kabla hajalitoa.

"Umesoma upande wenye maandishi mekundu," alisema mwishowe. "Hizo ni kilo, ukizungusha kifua cha ng'ombe zinakukadiria uzito wake. Arobaini na sita ni ndama wa juzijuzi tu. Sentimita ziko upande wa pili."

Kilo. Natukunda aliigeuza tepu mkononi. Kilo! Mke wa mfugaji, miaka yote hii ameiona tepu hii ikizungushwa vifua vya mitamba, na amejipima uzito wa ndama, akaupeleka Kayanga, na Kayanga wakaushonea mfuko. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, na nyuma yake kikaja kilio, vikachanganyika. Hajanyauka. Hakuna kinachomla. Akaegemea mlango.

"Mama Liliane," sauti ya nje ilikuwa imepoteza utulivu wote. "Umepima nini humo ndani? Unaumwa?"

Alijifunga khanga, akavuta komeo.

Leonadi hakuingia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akitazama sakafu kama mtu aliyeitwa ofisini. Natukunda alimweleza yote kwa haraka, bila kupumzika: soksi, Therese, kitenge, Nadhira, sidiria ya vibuyu. Akamwambia anahitaji mtu wa kushika nyuma. Alipomaliza alitarajia jibu lolote isipokuwa lile alilolipata.

"Mimi nilidhani nanuka," alisema Leonadi.

"Unanuka?"

"Ng'ombe. Nilidhani hospitali imekuzoesha usafi, ukirudi hapa huiwezi tena harufu yangu. Ndiyo maana ukahama. Nikanunua sabuni. Nikasema labda hiyo haitoshi, nikanunua nyingine."

Natukunda alikaa kitandani. Wazee wawili, kila mmoja na ukuta wake, na ulikuwa ukuta mmoja. Alitaka kumwomba radhi, akaishia kumwambia tu aingie na afunge mlango, nje kuna upepo.

Akasimama, akampa mgongo. Khanga akaiacha iteremke hadi kiunoni.

Mikono ya Leonadi ilikuja kutoka nyuma, migumu na ya moto, ikapitisha tepu chini. Akaikaza kidogo, akapitisha kidole kuhakikisha haijajikunja. "Simama miguu sawa, tazama mbele, usizuie pumzi," alisema, kama anavyowaambia mitamba, kisha akajisikia anavyosema, akaishusha tepu. Mkewe akamwambia aendelee, ndivyo inavyotakiwa. Themanini na moja, akasoma, upande wa sentimita.

"Sasa nusu," alisema Natukunda. Ili apime nusu ilibidi ageuke.

Aligeuka akiwa amefumba macho. Alihisi ncha ya tepu ikibandikwa kwenye mfupa wa katikati, ikapita juu ya titi la kulia, ikazunguka ubavu hadi mgongoni. Arobaini na tano. Mara mbili, tisini. Leonadi alizirudia namba zote mbili kwa sauti ili zisipotee, na kazi ikawa imekwisha. Natukunda alingoja asikie viatu vikiondoka kwenda kwa ndama.

Havikuondoka. Ncha ya tepu ilirudi pale pale katikati ya kifua, na safari hii ikaelekea kushoto, taratibu, ikalala juu ya mshono wote, mpaka kwapani.

"Huo upande haupimwi," alisema Natukunda. "Nadhira amesema huo tuuache."

"Nimesikia."

"Sasa unapima nini?"

"Ule wa kulia nimeuzoea," alisema Leonadi. "Huu ndio siujui."

Natukunda alifumbua macho. Mumewe alikuwa ameinama, akisoma namba kwa makini, uso wake karibu kabisa na kovu, wala hakuugeuza. Akauinua mkono wa kushoto wa mkewe juu kidogo, apate kuona vizuri.