Siagi ya Mjane wa Msagaji

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Obadiah Crick, mwenye nyumba ya wageni ya Harnby, alipiga kengele ya soko, na kabla ya kengele hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuuza hata yai. Siku hizi wauzaji hawakufika ishirini. Kondoo na nafaka vilishahamia Wexley, mwendo wa saa moja kwa miguu, kwenye stesheni ya treni.

Thirza Lamming, mjane wa msagaji, alipanga siagi yake. Miaka sita watu wa Harnby walikuwa wakiipita tu.

"Hiyo hapo siagi iliyofukuza treni!" akasema Kezia, muuza bata bukini. "Mumeo alitufungulia maji, nawe unataka tukufungulie mifuko?"

Watu wakacheka. Crick hakucheka, maana uongo ule ulikuwa wake.

Miaka hiyo sita nyuma, wapima reli walifikia kwake. Magari ya abiria kumi na mawili, ya kukokotwa, yalibadilisha farasi uani mwake kila siku, na treni ingeyamaliza. Basi alfajiri moja akaenda kwenye kinu cha Lamming, akafungua mlango uliozuia maji ya bwawa. Wapima walipofika bondeni wakakuta ziwa, wakapeleka reli Wexley. Mji ukamlaumu Enoch Lamming, kwa kuwa mlango ule ulikuwa kazi yake, na Crick akawaacha waamini hivyo. Enoch alikana mpaka anaingia kaburini. Na magari ya farasi yakafa vilevile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Crick ilikwenda miaka sita, na kila Alhamisi aibu ilimtafuna.

"Msihangaike," Thirza akasema. "Leo ndiyo mwisho. Nahamia kwa binti yangu."

Uso ukamwaka Crick. Asiposema leo, hatasema tena.

"Kezia, nyamaza. Maji niliyafungua mimi."

"Acha mzaha, Mzee Crick!"

"Mimi. Enoch alikuwa kitandani kwake."

 Kezia, macho chini, akatoa sarafu. "Nipimie ratili mbili, Mama." Nyuma yake watu wakajipanga.

Thirza akaifunika siagi, akabeba kikapu, akasimama mbele ya Crick.

"Miaka minne Enoch alikuwa hai, kanisani tunakaa benchi la nyuma yako. Ulishindwa hata kugeuka?"

 Mjane akashika njia ya Wexley na siagi yake yote, na hakuna aliyethubutu kumpokea kikapu.