Kifungio cha Bunduki ya Marehemu

Mdomo wangu ni mkali, na sijawahi kuuficha. Mteja akiniletea bunduki iliyoliwa na kutu namwambia ameiua mwenyewe, na akinuna namwonyesha mlango. Karakana hii niliachiwa na baba pamoja na jiliwa lake la kubania vyuma, bisibisi zake za kila namna, na agizo lake kwamba bunduki haisemewi uongo, maana ipo siku itajibu yenyewe. Mjini wananiita Bi Mtutu. Jina nimelizoea.

Asubuhi ile aliingia mama mmoja mtu mzima, amebeba bunduki iliyoviringishwa kwenye shuka. Nyuma yake alikuja kitindamimba wake, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama, akakaa karibu na mlango kama aliyeitwa kituo cha polisi. Nilikagua kibali, nikaikunja bunduki kwenye bawaba yake kuona kama ina risasi ndani. Ilikuwa tupu. Ilikuwa ya zamani sana, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, mbao ya kitako imeng'aa kwa kushikwa. Marehemu mumewe aliirithi kwa baba yake.

Mama alinieleza habari yote bila kuzunguka. Wanawe wawili walikwenda kufukuza nguruwe pori shambani. Kaka mtu alitangulia, mdogo akafuata nyuma na bunduki iliyojaa. Kijiti kikanasa kifyatulio, mtutu mmoja ukalipuka, na goti la kaka likaharibika. Sasa anatembelea magongo. Mdogo aliapa kwamba alikuwa amefunga kifungio cha usalama, kile kitufe kidogo cha shingoni mwa kitako kinachozuia kifyatulio kisivutike. Kaka hakumwamini, akamfukuza nyumbani. Mama alilia, akabembeleza, hadi wakakubaliana neno moja: bunduki ikaonwe na fundi. Ikiwa ni mbovu, mdogo arudi na yaishe. Ikiwa ni nzima, asikanyage tena pale.

"Wote wawili nimewazaa mimi," mama akasema. "Wewe niambie kilichopo tu, mwanangu."

Nikamwacha kwenye benchi la mbele, nikamwita kijana huku nyuma penye jiliwa. Nilitia risasi za kujaribia, zisizo na baruti, nikasukuma kifungio na kuvuta kifyatulio. Kimya. Nikarudia, nikarudia tena, kimya vilevile. Nikaanza kumtazama yule kijana kwa jicho la pembeni, nikijisemea kwamba wazembe wote hulaumu chuma. Kisha nikamwambia asukume yeye, kama alivyosukuma siku ile.

Mimi kila kitu nakisukuma kwa hasira. Yeye alisukuma taratibu kwa kidole gumba, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kitufe kikarudi nyuma, kikaonekana kimekaa mahali pake. Nikavuta. Nyundo ya kugonga risasi ikaanguka.

Nilifungua kitako haraka, mikono imechangamka. Ndani, kwenye njia ya kitufe, kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unaonata kama sukari iliyoungulia sufuria. Kitufe kilikuwa kikikwama humo kabla ya kufika mwisho. Ukikibamiza kinapita na kufunga. Ukikisukuma kistaarabu kinakudanganya. Nikakwangua kidogo, nikanusa, nikampa na yeye anuse.

"Mafuta ya kupikia haya," nikasema. "Mjinga gani ameyatia humu?"

Kijana akashika ukingo wa meza. Alicheka kidogo, machozi yakamtoka, akasema mara mbili kwamba alijua, alijua alikuwa amefunga. Halafu nikaona uso wake unabadilika. Akageuka kutazama pazia linalotenga karakana na chumba cha mbele.

"Ni mama," akanong'ona.

Tangu baba yao afariki, kila mwisho wa mwezi mama aliishusha bunduki ukutani akaidondoshea mafuta kutoka chupa ya jikoni. Marehemu alikuwa akisisitiza isikauke. Hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba kuna mafuta na mafuta. Nililikumbuka lile neno mjinga nililolitamka hivi punde, nikatamani kulimeza.

"Dada, usimwambie," kijana akasema. "Kaka kaharibikiwa mguu. Mama akijua ni mkono wake, hatalala tena maisha yake yote. Mimi miguu yangu ipo, naweza kwenda mbali."

Nilimkatalia. Nilimwambia mimi si wa kusema uongo, akatafute fundi mwingine. Macho yake yakarudi kwenye pazia. Nikaanza kujitafutia sababu. Kwani nani alimwambia atembee nyuma ya mtu na bunduki iliyojaa, mtutu umeelekea mbele? Kifungio hakielekezi mtutu. Kosa lake lipo, nikajiambia, hata kama si lote. Mwenye kutaka kudanganya hakosi hoja.

Nikaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikatia mafuta yanayostahili, nikaunga kitako. Nikamwambia kijana asukume taratibu kadiri awezavyo. Nikavuta, kimya. Hapo nikaona nimepata njia ya kutoka, nikabeba bunduki mpaka mbele.

"Bunduki ni nzima, mama," nikasema. Na kweli, ilikuwa nzima.

Mama hakusimama. Alinitazama usoni. "Na siku ile?"

Ningeweza kusema sijui. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu, nikisikia anavyopumua.

"Siku ile pia ilikuwa nzima," nikasema. Nikaongeza haraka kwamba kuanzia sasa iletwe kwangu kutiwa mafuta, asijisumbue tena na umri wake.

Akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo ni wewe. Nimegombana na kaka yako kwa ajili yako, nikamwita hana huruma."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama aliiviringisha bunduki kwenye shuka, kijana akanyoosha mikono ampokee, naye akaukwepa msaada wake kama anayempisha mgeni. Kijana akatangulia kutoka, akashika njia ya stendi, kinyume na ya nyumbani kwao. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Kisha akauchukua mkono wangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu. Mwingine angenionea huruma akanidanganya."

Nikamwambia asante kushukuru.