Maji Meusi ya Majani Mabichi

Fundi wa maabara ya udongo alikuwa amefanya jambo lilelile kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita, hata wenzake wakambandika jina la Magadi. Alipima udongo mweusi, akaumwagia magadi makali, yale yanayounguza ngozi, akatikisa, akachuja. Maji yalitoka meusi tii. Akiyatia tindikali, mabonge ya kahawia yalishuka chini ya chupa, na hayo ndiyo waliyoyaita kiini cha mboji. Ukutani ulining'inia mchoro wa molekuli yake: dude kubwa, pete zimeshikana, mikia imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Magadi aliuamini mchoro ule kuliko picha yake ya harusi.

Jumatatu moja asubuhi mdogo wa mkewe alipita kumletea funguo alizosahau nyumbani. Alikuwa dobi mwenye duka lake, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shemeji, umefua soksi zako humo?"

"Usiguse! Hiyo ni mboji, imetoka kwenye udongo."

"Umeitoa kwa nini?"

"Kwa magadi makali."

Dobi akaangua kicheko. "Basi pole. Mimi siku moja niliyazidisha kwenye zulia la katani, jipya, halijakanyagwa hata na inzi. Likatoa maji ya kahawia ndoo nzima! Mwenyewe akadhani nimemfulia dimbwini. Uchafu haukuwamo, shemeji. Magadi ndiyo yaliyoupika."

"Zulia ni zulia, udongo ni udongo."

"Sawa. Umewahi kujaribu kitu ambacho hakijawahi kuwa udongo?"

 Hakuwahi.

Akatoka mbio hadi uani, akachuma majani mabichi mtini, akayaosha, akayakausha kwenye tanuri, akayasaga. Dobi naye, ambaye wateja walikuwa wakimngoja, alivuta kigoda akakaa, mkoba mapajani. Magadi akamimina magadi, akatikisa. Maji yakawa ya manjano. Yakawa kama chai. Yakawa meusi.

"Mama yangu!" dobi akasimama.

Magadi akatia tindikali. Mabonge ya kahawia yakashuka polepole, yaleyale. Akayapeleka kwenye mashine inayotambua vitu kwa mwanga, na mstari uliochorwa ukafanana na ule wa udongo kama mtu na pacha wake. Majani yalikuwa mtini saa tatu zilizopita!

Akakimbia ukumbini, glavu mkono mmoja, hadi ofisini kwa Profesa, mkuu wa maabara.

"Profesa, dude halipo!"

"Dude gani, Fundi?"

Akamweleza yote kwa pumzi moja. Profesa akaishika karatasi yenye ule mstari, akaufuata kwa kidole.

"Wako watafiti waliolisema hili," alisema taratibu. "Nimewasoma. Nikajiambia udongo wetu ni tofauti, nikaacha. Haya, kama dude halipo, udongoni mna nini?"

"Vitu vidogovidogo, Profesa. Sukari, mafuta, vipande vya majani, mabaki ya vijidudu. Vimeng'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, kila kimoja kivyake. Sisi ndio tunaovibandua na kuvipika, halafu tunachora supu!"

Profesa akacheka mpaka akavua miwani. "Rudia mara tatu. Halafu leta udongo usioguswa na magadi, tuupime ulivyo."

Wiki nzima hawakukaa. Majani yalitoa maji meusi mara zote tatu. Udongo usioguswa ulionyesha dalili za sukari na mafuta, na za lile dude hawakuziona kabisa. Profesa alipoandika ripoti aliliweka jina la fundi mbele ya lake, na chini akamshukuru dobi, kwa jina na kwa kazi yake.

Ijumaa Magadi alisimama mbele ya wanafunzi, yeye ambaye siku zote aliwapangia chupa tu na kutoka.  Akawaambia alivyokosea, na jinsi kukosea huko kulivyomnyima usingizi kwa furaha.

"Kwa hiyo vipimo vyote vya zamani tuvitupe?" msichana mmoja aliuliza.

"Hapana! Vilituambia udongoni mna kaboni kiasi gani, na hilo bado ni kweli. Umbo lake ndilo tusilolijua." Akakunja mikono ya koti. "Sogeeni hapa, wote. Nani ana jani?"